Jani Ndani ya Bahasha

5 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Unaendeleaje huko hospitalini? Sisi hatujambo, ila dirisha lako ndilo linaumwa. Vimea vyako vya majani manene, vile vya kwenye makopo karibu na cherehani, vinapukutika. Nikivigusa kidogo tu, jani linaanguka, laini kama limechemshwa.

Mama, sijavisahau hata siku moja. Navimwagilia kila asubuhi kabla ya shule. Jana niligundua kwamba Baba naye huvimwagilia akitoka kazini, na Bibi akimaliza chai yake. Kila mmoja kwa siri! Bibi amejitetea: "Sitaki mkamwana wangu arudi avikute vimekauka, aseme mama mkwe hana utu."

Nifanye nini? Nilikuahidi utavikuta vyote.

Mwanao

14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka jirani yangu wa kitanda cha pili akaniuliza kuna nini. Mnavizamisha kwa mapenzi, nyinyi watatu! Mimea hiyo hubeba maji yake majanini. Ingiza kidole kwenye udongo. Ukiwa mkavu mpaka chini, ndipo umwagilie. Na huyo bibi yako, mfiche kopo la maji.

Jani lililoanguka likiwa bado gumu, usilitupe. Lilaze juu ya udongo mkavu. Usilifukie, usilimwagilie. Litatoa mzizi lenyewe, kazi yako ni kusubiri.

Nitumie moja nilione. Dawa zinanichosha, lakini nakula.

Mama yako

2 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Je, usingizi unakuja siku hizi? Kopo la maji nimelifungia kabatini. Bibi ananiita askari jela, na Baba hupita dirishani mikono nyuma, kama mtu aliyeachishwa kazi.

Vimebaki vimea viwili tu, Mama. Nisamehe. Majani kumi na moja nimeyalaza kama ulivyosema, bado hayajafanya lolote. La kumi na mbili, lililo gumu kuliko yote, limo humu. Nimelifunga kwa kipande cha kitambaa cha gauni langu ulilokuwa unalishona. Bado halina mkono wa kushoto. Nakungoja.

Mwanao

21 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hujanijibu. Je, jani lilifika? Baba amekuja huko kwako na hajasema atarudi lini. Mwalimu anasema posta huchelewa.

Mwanao

9 Mei

Mama,

Shikamoo. Bado nakuamkia, kwa sababu sijui barua ya namna hii huanzaje.

Tulikuzika wiki iliyopita. Leo Baba amenipa mkoba wako. Barua yangu ya jani imo, haijafunguliwa. Muuguzi alimwambia Baba kwamba ilifika siku ambayo hukuamka tena.

Nimeifungua mwenyewe. Jani limenyauka nusu, lakini limetoa mizizi mitatu, myembamba kama uzi wako wa waridi, na kichipukizi kidogo kama punje ya dengu. Humo gizani, Mama, bila tone la maji.

Nimelilaza kwenye kopo lako, karibu na cherehani. Bibi alikuja kutazama, machozi yakaanza kumdondoka, Baba akamshika bega akamsogeza. Sasa tumekubaliana nyumba nzima: anayetaka kulia, alie mbali na dirisha.

Mimi nimelia jikoni. Udongo bado ni mkavu, nimeujaribu kwa kidole.

Mwanao