Waya, Pasi

Jumapili jioni, Julai 1996. Mogogosiek.

Mvua ya mawe imepiga majani chai tangu mchana, na mimi nina hasira kuliko hiyo mvua. Nataka kuandika jina la shemeji yangu Kipkemoi hapa, kisha nilikate kwa kalamu mpaka karatasi itoboke.

Mama mkwe wangu ana kifua kibaya. Moshi wa jikoni unamkaba, ndiyo maana tulimhamishia kwenye karavani ya magurudumu mawili ambayo mzungu mmoja wa shambani, mpenda kambi, alimwachia mume wangu alipoondoka. Ndani kuna kitanda, dirisha na hita ya umeme. Ilibaki waya moja ndefu kutoka soketi ya sebuleni hadi pale uani.

Nilisema iwe nene. Nilisema hita inakula moto mwingi. Nilitaka kwenda Kericho mwenyewe, lakini shemeji akasema waya ni kazi ya wanaume.

Akarudi na waya nyembamba, imevikwa uzi kama soksi.

Leo tumetoka kanisani nikanusa kitu kinaungua. Nimekimbia kuchomoa plagi sebuleni, nikarudi karavani, nikainua mkeka. Waya imelainika, mkeka una shimo jeusi, na mama yuko kitandani hapo hapo anakohoa.

Nimemuuliza shemeji aliomba nini dukani.

"Nilimwambia, nipe waya ya kufika kwa karavani, pasi."

Pasi!

Alitaka kusema basi, yaani yatosha. Muuzaji akasikia pasi, akampimia waya ya pasi ya nguo, na hakuna aliyeuliza tangu lini karavani ikapigwa pasi.

Ulimi wake unaogeuza B kuwa P siuchukii. Sisi wa upande wa ziwa shamba tunaliita samba, na amenicheka kwa hilo tangu nilipoolewa hapa. Ninachochukia ni kwamba hakusema hata pole. Amesema, "Shemeji, ni wewe uliwasha hiyo hita sana."

Na mama, aliyekaribia kuungua, amemtetea: "Mwache mtoto. Si amenunua?"

Mtoto ana ndevu.

Nampenda yule mama, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Amerudi kulala nyumba ya jikoni, na kikohozi chake nakisikia kupitia ukuta.

Kesho naenda Kericho, barabara iwe tope isiwe. Nitasema: nipe waya nene, ya hita. Halafu nitafunga mdomo.

Ile basi nitamrudishia Kipkemoi hapa nyumbani, siku atakaponiambia tena kazi ya wanaume. Na B yake ataisikia.