Wamenipima Nimekaa Kwenye Kiti cha Padri

Mama Veridiana mpendwa, shikamoo. Naomba uniokoe kwa ushauri maana nimekwama, hata sala ya asubuhi inaniishia katikati. Mimi ni mama wa miaka hamsini na moja wa hapa Lulindi, miguu yangu haifanyi kazi tangu utotoni, natembelea mikono na makalio huku nimejifunga vipande vya kandambili viganjani, na hivyo hivyo nimelima, nimeokota korosho, nimemlea Violet mpaka kaolewa, Bwana asifiwe. Mwaka jana wakaja wanafunzi wa Ulaya wanaosomea kubuni vifaa vya walemavu, wakasema watanipima wanitengenezee kiti, na mimi kwa kuwa ni wageni nikavaa sare ya akina mama wa kanisa, kandambili nikazisukumia uvunguni, jirani yangu Isabela akaazima kiti cha padri, nikapandishwa, basi wakanikuta nimetulia huko juu, wakapima, wakapiga picha, wakaniuliza kupitia mkalimani wao, mwalimu Anderson, "Mama, kutwa unakaa hivi?" nikaona aibu, nikasema ndiyo.

Kiti kimekuja, Mama. Kirefu, kina matairi membamba ya kuzama kwenye mchanga wetu, tena kina mahali pa kuwekea kikombe cha kahawa, na nikikaa humo korosho naziona tu, sizifikii. Padri amekibariki. Kuku wangu ametagia humo mayai tisa. Isabela kila akipita, "Shikamoo baba askofu, leo kipaimara saa ngapi?" Nimerudia kandambili zangu, nikisikia gari najificha nyuma ya jiko. Sasa Anderson anasema Jumatatu watapiga simu ya video nishuhudie kwamba kiti kimenibadilishia maisha, kisha watengeneze vingine thelathini vya namna hiyo hiyo kwa wenzangu wa Masasi na Newala. Nikisema ukweli nitaonekana sina shukrani, nikidanganya tena nitaikaribiaje meza ya Bwana?

Mama Violet, Lulindi

Marahaba, mdogo wangu. Hongera sana kwa banda la kuku lenye mahali pa kahawa. Kuku wa wenzako bado wanahangaika na matenga.

Pole lakini. Aibu yako naielewa, nani anapenda mgeni amkute anaburura makalio? Ila tazama ulichofanya: watu wamevuka bahari kuja kumpima Mama Violet, wewe ukawapa vipimo vya padri! Na padri miguu yake mizima. Hao wataalamu nao, akili ya kupanda ndege wanayo, ya kusema "Mama, hebu tukuone shambani" iliwapotea uwanja wa ndege.

Sasa sikiliza. Kabla ya Jumatatu nenda kwa padri ukatubu, na umwambie kiti alichokibariki kitafutiwe mtu wa Mkomaindo, kule Masasi mjini, mwenye sakafu ya saruji na njia ngumu. Subiri vifaranga watoke kwanza, wao hawana kosa.

Siku ya simu, sare iache kabatini. Vaa nguo ya shamba, jifunge kandambili zako, mwambie Anderson ashike simu chini usawa wako, si kichwani kwake. Washukuru kwa safari na kwa moyo wao, kisha sema, "Wanangu, niliwadanganya." Usilie, utawachanganya. Toka jikoni hadi kwenye mikorosho huku wanakutazama, okota, tenga korosho na bibo, tunda lake, ujaze ndoo. Halafu uwaambie unachotaka: kifaa cha chini, mikono ifike ardhini, matairi mapana, na godoro la kuyanusuru makalio. Anderson akianza kulainisha maneno yako, mwambie arudie yalivyo.

Unaogopa watakasirika? Wakasirike. Wakifeli, watarudia mtihani. Ila kuna watu thelathini ambao hawajaulizwa chochote, na wanaletewa kiti kwa sababu wewe ulisema ndiyo. Usipowasemea Jumatatu, mzigo utashushwa mlangoni kwao, na wao pia wataona aibu, watashukuru.