Wimbo wa Mchanga wa Munyiva

S.L.P. 216,
Mitaboni, Machakos.
9 Agosti 2001.

Mpendwa Kaka Josphat,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mko wazima huko Botswana? Mtoto bado anakohoa? Sisi mwili uko salama, ila mama halali vizuri, na mimi nina woga.

Unakumbuka gitaa kavu ulilomwachia mdogo wetu Munyiva? Kaka, sasa ni mwimbaji kamili! Anatunga mwenyewe, si benga, si nyimbo za kanisa, ni kitu chake tu, na watu wananyamaza kumsikiliza. Ameimba vyuoni, ameimba Nairobi, na kaseti yake inachezwa hata kwa maduka ya hapa sokoni. Ningekuwa najivuna tu, kama si huo wimbo wa mchanga.

Wimbo wenyewe unaeleza mto uliochimbwa mchanga hadi visima vikakauka. Hautaji mtu. Unajua desturi yetu: wimbo wa kumsema mtu hauna jina, na anayesemwa hunyamaza, kwa sababu akilalamika tu amejitaja. Bwana Mutua, yule mwenye malori ya mchanga, alikuwa akiucheza na kucheka kama wengine.

Basi baba, kwa hofu yake, akampelekea mbuzi kuomba msamaha! Aiya, Kaka! Hata hakutuuliza. Mutua hakuwa amefikiria kuwa ni yeye. Sasa anajua, na soko lote linajua, maana mbuzi alipitishwa mchana watu wakiona.

Mbuzi alirudishwa. Tangu hapo lori la Mutua huja kusimama langoni petu, injini ikinguruma, halafu linaondoka. Hakuna anayeshuka. Naogopa hata kwenda kuteka maji peke yangu.

Juzi Mutua akamwalika Munyiva aimbe kwenye harambee yake, Jumamosi hii. Alisema mbele ya watu, "Mwambieni aje na ule wimbo wake, na safari hii ataje jina." Nilimsihi Munyiva akatae, nikalia kabisa. Akaniambia, "Dada, nisipoenda itakuwa ni mimi niliyedanganya." Kichwa ngumu kweli!

Mbithi, aliyekuwa akimpigia ngoma na kumwitikia, ametorokea Konza kwa shangazi yake. Simlaumu. Aliyebaki anayeujua wimbo huo ni mimi tu, kwa kuusikia jikoni kila siku. Nimekubali kusimama naye.

Najua barua hii itakufikia Jumamosi ikiwa imeshapita. Nakuandikia ili mtu wetu mmoja aliye mbali ajue ilivyokuwa. Munyiva ataimba beti tu, Kaka. Jina ameliweka kwenye kiitikio, na wa kuitikia ni mimi.

Msalimie wifi Wacera na watoto. Baba na mama wanawakumbuka kila wanapoomba. Mungu awakinge huko, na huku asituache.

Ni mimi dada yako, nikupendaye sana hata katika hofu hii,

Kanini