Nimewaleta Watu Kumi, Fundi

Fundi Sara,

Shikamoo. Najua marehemu haamkiwi, lakini miaka kumi na moja nimeingia dukani kwako kwa neno hilo, na mdomo bado haujazoea kwamba haupo.

Cherehani yako ninayo mimi. Mpwa wako wa Arusha alisema kwa simu, "Akae nayo Editha, ndiye aliyekuwa naye mpaka mwisho." Nilishukuru, nikaenda nyuma ya duka nikalia. Hakujua anampa nani.

Hukupenda mtu wa kuzungukazunguka, kwa hiyo nasema. Yale maneno ya chuma ulete, kwamba unavuta hela za watu kwa uchawi, niliyaanzisha mimi.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili kwako. Niko saloni kwa Mama Zena nasukwa, wanawake wanataka kujua mambo yako. Kwa nini Ijumaa jua likikaribia kuzama unawasha mishumaa miwili na kujifunika uso kwa viganja? Kwa nini Jumamosi hugusi cherehani wala hela? Ningeweza kuwaambia nilichokijua: kwamba wewe ni Myahudi, ulizaliwa Arusha kwa watu waliotoka Yemen zamani, ukaolewa na mtu wa reli akakuleta huku Ifakara, akafa akakuacha, kwamba Jumamosi ni sabato yako, unapumzika kama Mungu alivyopumzika. Lakini hayo yasingechekesha. Nikasema, "Fundi wangu Jumamosi hashiki hela kwa sababu siku hiyo zinamfuata zenyewe." Saloni nzima ikaangua kicheko. Nilijiona mtu, Fundi.

Maneno yalifika sokoni kabla kichwa changu hakijaisha kusukwa. Kufika wiki ya pili watu wanaapa kwamba mtu akimlipa Sara noti moja, inarudi nyumbani kwa huyo mtu kuchukua wenzake. Sare za shule zikahamia kwa fundi mwingine. Bibi harusi wa Sanje akatuma watu wachukue kitambaa chake, hata hakijaguswa na mkasi. Kwenye msiba wa jirani ulipeleka sufuria ya wali, ikarudi imejaa. Ulifunua kifuniko, ukatazama, ukasema, "Labda chumvi ilizidi."

Nami nilikuwa nimesimama palepale. Nikasema labda.

Nilikwenda kuungama, usidhani sikwenda. Padri alinipa sala, nikasali zote, nikajihesabu nimetoka dhambini. Wewe ndiye uliyenivuruga. Kila mwaka, bonde likikauka na mfungo wako wa Siku ya Upatanisho ukikaribia, ulipita mlango kwa mlango. Mzee Salimu wa duka la vitambaa, wauza mchele, hata yule fundi aliyechukua sare zako. "Kama nimekukosea mwaka huu, nisamehe." Nikakutania, "Fundi, wewe unakosea saa ngapi, na kutwa uko kwenye sindano?" Hukucheka. Ulisema kosa la mtu kwa Mungu, Mungu hulisamehe; kosa la mtu kwa mtu, Mungu mwenyewe anamngoja yule aliyekosewa.

Nikauliza, nimeinamia upindo ili usinione uso, "Na huyo aliyekosewa akifa kwanza?"

Ulisema mkosaji anachukua watu kumi, anakwenda nao kaburini, anasema mbele yao alichomfanyia.

"Kumi wote wa nini?"

"Ili asijipunguzie."

Mimi ndiye uliyekuwa unanifikia mwisho. Unakuja mpaka kwenye kiti changu: "Editha, kama nimekukosea, nisamehe." Nami najibu, "Nimekusamehe, Fundi," kama malkia. Halafu unabaki umesimama kidogo, ndipo unaondoka. Miaka tisa tulifanya hivyo. Kabla ya mara ya kumi masika yakakuwahi, ukafa.

Wiki iliyopita niliwaleta watu kumi kaburini kwako. Usiniulize kama kwenu wangewakubali, nimeokota niliowapata. Mume wangu Kasian, ambaye naye hakuwa anajua. Katekista wetu. Mzee Salimu na mkewe. Wauza mchele wawili, fundi wa sare, mama wa yule bibi harusi, na Mama Zena mwenyewe. Nikahesabu, tisa. Tukamwomba dereva wa bajaji azime injini ashuke. Akasema, "Dada, mimi marehemu simjui." Katekista akamwambia, "Ndiyo vizuri, wewe huna upande."

Nikasema, sikujipunguzia. Nilisema hata lile la sufuria ya wali. Kasian aliangalia chini. Mama wa bibi harusi akaanza kulia, akaniambia, "Editha, mwanangu alimpenda sana yule mama."

Kisha Mama Zena akasema, "Sara alijua."

Alikwambia yeye mwenyewe mwaka uleule kwamba yalitoka kwangu, maana aliogopa yalivyosambaa. Ukamkataza asinifikishie. Ukamwambia, "Nikimsamehe kabla hajasema, nitamnyima njia ya kurudi." Teshuva, lile neno lenu, uliniambia maana yake ni kurudi. Miaka tisa ulikuwa unakuja kwenye kiti changu kunifungulia mlango, na mimi nimekaa tu. Hilo limeniumiza kuliko kosa lenyewe. Naandika na machozi yananiharibia karatasi.

Sijui kama umenisamehe. Wote kumi wanasema ndiyo, lakini wao si wewe.

Juzi nilikuwa saloni. Karibu nasi amehamia mwanamke wa Kisukuma, Mama Masanja, anachemsha mizizi uani mchana kutwa, moshi unatuingia wote. Wakaniuliza, "Editha, ninyi ukuta mmoja. Yule ni mganga au mchawi?" Fundi, utani ulikuja. Ulikuwa mtamu, naapa, na ulikuwa umeshafika kwenye ulimi. Nikasema, "Mwanawe anabanwa na kifua. Ile ni dawa ya kikohozi, nimemuuliza." Hakuna aliyecheka. Mama Zena akaendelea kusuka.

Ulisema mtu amerudi kweli siku atakapofika mahali palepale, nafasi ileile imefunguka, asifanye tena lile kosa. Basi mara moja sijafanya. Ni mara moja tu, usinisifu.

Mimi ni Mkatoliki na nitazikwa Mkatoliki. Lakini nakuahidi, kila mwaka kabla ya mfungo wako nitapita kwa watu kwanza, ndipo niende kwa padri. Pumzika, Fundi wangu. Kabla sijamuuliza Mama Masanja habari za ile mizizi, wiki mbili nzima nilikuwa nawavuta watoto wangu ndani wakitaka kucheza na wa kwake. Aliniona. Kesho asubuhi naanzia mlango wake.

Editha