Bolti Iliyokatika Asubuhi

Baba watoto,

Nawahi darasa la ufundi. Chakula kiko jikoni, nimekifunika. Gari usiliwashe, ekzosi inavuja na moshi utaingia ndani. Zile nati mbili za ekzosi zilizobaki nimezisugua kwa brashi ya waya na kuzipulizia dawa ya kutu. ~~Usiziguse mpaka nirudi.~~ Hapana, zifungue wewe, ila taratibu. Kaza kidogo kwanza, ndipo ulegeze. Ikikataa, pulizia tena, usubiri.

Sasa ile ya tatu. Asubuhi ulivuta spana mara moja tu, bolti ikakatika, nami nikakusimanga: "Nguvu bila akili hizo! Ndiyo maana wenzako tunasoma." Ukaniomba radhi mbele ya watoto.

Ukweli ni huu. Jana uliponitania kwamba fundi wa daftari hachafui kucha, nilitoka nikaivuta nati ile kwa hasira, bila dawa, bila subira, mpaka nikasikia bolti ikipasuka. Nikanyamaza. Wewe uliikuta imeshikiliwa na kipande chembamba cha chuma tu.

Mchana nilipiga magoti kuuombea mtihani wangu wa vitendo, maneno yakagoma kutoka. Nikaona nimeomba kwa Mungu kitu kikubwa huku nimekunyima wewe kitu kidogo, ukweli tu.

Bolti niliikata mimi. Nisamehe, mume wangu. Na watoto wakikaa mezani, wasomee karatasi hii yote, kwa sauti, usiruke mstari.

Mama watoto