Nani Anabandua Jicho la Mama?

Jumanne. Mawingu yametanda juu ya ziwa tangu asubuhi na mvua haiji. Leo hata anga siiamini.

Jicho la mama limechanika tena. Ni mara ya nne tangu mchanga umwingie akigeuza dagaa walioanikwa mwaloni, pale ufukweni Ujiji. Linapoa, anarudi kucheka, halafu asubuhi moja anaamka akilia kwa maumivu. Daktari amesema likiendelea hivi litapata kovu, na kovu kwenye kioo cha jicho ni ukungu usiofutika.

Nafundisha baiolojia, basi nikasoma. Seli za juu za konea, hicho kioo cha jicho, hushikizwa na protini kwenye tabaka lililo chini yake. Ndani ya seli mna vipande vidogo mno vya RNA, viitwavyo mikroRNA, vinavyoweza kunyamazisha maagizo ya kutengeneza protini. Vikienda kombo, seli hazishiki sawasawa. Nikaanza kuishuku damu yetu. Bibi naye alikufa haoni.

Kisha nikamshuku Mama Neema, jirani yetu anayenyonyesha. Huku kwetu jicho likiuma, maziwa ya mzazi hayako mbali kudondoshewa ndani. Nimemvizia siku tatu nyuma ya pazia, mtu mzima mimi, na shahada yangu. Hata kitenge cha mama nimekinusa, nikitafuta harufu ya maziwa.

Leo nikamuuliza mama waziwazi nani anamgusa jicho. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Ni wewe, Mwalimu." Huniita hivyo akikasirika. "Kila alfajiri unanivuta kope unimulike na simu, hata sijaamka vizuri. Nasikia kitu kinabanduka."

Nikauliza mbona hakusema.

"Nilidhani ndivyo mlivyofundishwa."

Daktari alisema apakwe dawa ya mafuta wakati wa kulala, na asubuhi jicho liachwe lifunguke lenyewe, maana kope hugandana na seli changa. Maneno hayo niliyaandika kwa mkono wangu. Nikayafunika kwa makaratasi ya mikroRNA.

Mimi.

Jioni Mama Neema amekuja kumjulia hali mama, ameleta ndizi. Nimeshindwa kumtazama usoni.

MikroRNA bado nazishuku kidogo, sitadanganya. Ila simu nimeifungia kabatini na ufunguo anao mama. Kesho akichelewa kufumbua jicho, mikono hii itatulia?