Uzi Mweusi kwenye Mzigo wa Mahenge

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Mlabani tumeamka salama, na kaburi la babu yako tumelipalilia. Unauliza kama umwamini kondakta anayekubali kusafirisha kwa nauli ndogo hereni unazouza kwenye simu.

Mimi kondakta wangu sikumwamini. Miaka ya tisini mwalimu mmoja wa Mahenge aliagiza vitambaa vyangu vya kudarizi. Kondakta akasema, "Mzigo mwepesi huu, mama. Bure." Bure? Nikaushona mdomo kwa uzi mwekundu, babu yako akaupeleka stendi. Mwalimu akaandika kwamba umefika, umeshonwa kwa uzi mweusi.

Nikamfuata kondakta. "Umefungua mzigo wangu!"

"Mama, mimi hata kifungo nashonewa!"

Watu wakacheka. Mimi nikamwita mwizi.

Nyumbani babu yako akaacha kula. "Nilifungua mimi. Niliogopa maji ya mto pale Kivukoni, nikavifunga vitambaa nailoni. Uzi wako sikuuona, nikashonea mweusi."

Nilirudi kuomba radhi. Kondakta alipokea, lakini mzigo wangu hakuubeba tena.

Shona vizuri, na ukishuku, anza kuuliza nyumbani. Uzi ule mweusi bado ninao. Sasa nashonea huo.

Bibi yako